Daktari Asiyekuwa na Mtani

Ukikutana naye sokoni, na kama aliwahi kukutengeneza pua, hakukupa mkono. Alisimama mbele yako, akakuminya ncha ya pua kwa dole gumba, akaachia, akatazama kama inarudi mahali pake. Ikirudi alisema, "Haya," akaendelea kutafuta bamia zake. Alimfanyia hivyo muuza maharage wa Gongoni mbele ya wateja. Alimfanyia askari aliyevaa sare na viatu vya kung'aa. Siku moja, Mungu amsamehe, alimfanyia mwalimu wa madrasa aliyekuwa anatoka msikitini na watu wamemzunguka. Hakuna aliyekasirika. Wengine wakimwona kwa mbali walikuwa wanatanguliza pua kabisa, ili yaishe.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui, na sikupata kuuliza. Alikuwa Mhindi, hilo lilionekana. Walisema alijifunza kazi ya pua vitani, huko Burma, akiwatengeneza askari waliorudi mstari wa nyuma wakiwa na nusu ya uso, na vita vilipokwisha serikali ya Mwingereza ikamleta Tabora. Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha makarani wa boma. Hospitali ilikuwa na madaktari wengine, nao walikuwa na majina yao, lakini ukisema "Daktari" bila kuongeza neno, kila mtu alijua umemtaja yeye.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alitukataza wagonjwa tusitie kitu puani, hata kidole, hata mvuke wa majani, na yeye mwenyewe alitembea na kikopo cha bati kilichojaa ugoro wa Sikonge. Alijificha nyuma ya stoo, akavuta, akapiga chafya ambazo wodi nzima tulizisikia. Sista mkuu alimwambia wazi kwamba ni aibu. Akamjibu, "Sista, pua za humu ndani zote ni zangu isipokuwa hii moja. Hii ni ya starehe." Aliogopa nyuki kuliko watu wengine wanavyoogopa chui, lakini asali akiletewa aliila mpaka masharubu yanashikana. Mdomo wake ulikuwa mkali, uliwaliza wauguzi. Vidole vyake, kwa upande mwingine, vilikugusa usoni na hukujua vimefika saa ngapi.

Na mihogo! Mpishi wa hospitali alilalamika mpaka akachoka. Daktari alipewa mhogo mbichi atafune na chumvi, kama alivyopenda, lakini badala ya kula alitoa kisu kidogo akaanza kuuchonga: vijiti vyembamba, vingao vya ukubwa wa ukucha, vipande vilivyopindwa kama kwato. Akavipanga juu ya meza, akavitazama, akavisukuma kwa ncha ya kisu, chakula kingine kikapoa. Nilifikiri mwanzoni kwamba akili yake haijatulia. Baadaye nilijua kwamba kimoja kati ya vijiti vile kilikuwa pua yangu.

Jambo lililowashangaza watu zaidi ni la vioo. Kwenye wodi yake hakukuwa na kioo hata kimoja, na mgonjwa aliyekutwa na kioo alinyang'anywa. "Kioo kinakuonyesha unachokitamani au unachokiogopa," alisema. "Mimi nataka shahidi." Shahidi wake alikuwa dresa, yule msaidizi wa kufunga na kufungua vidonda, Mzaramo wa pwani, mfupi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu. Wakatukanana, wakapigana, wakapatana, wakazikana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akachukua kuku wako, akacheka kwenye msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Daktari aliuona utani ule akaupenda mno. Akaufanya kipimo. Bendeji za mgonjwa Mnyamwezi zikitoka, dresa aliitwa aje atazame bila kuambiwa chochote. Akimtania mgonjwa, kazi imekwisha, mgonjwa aende nyumbani. Akikaa kimya, Daktari alirudi kwenye mihogo yake.

Nilifika kwake kwa sababu ya mchi. Nilikuwa mke kijana, nimeolewa upande wa Sikonge kwa mtu mwenye mizinga mingi ya nyuki msituni. Mimi na wifi yangu tulikuwa tunatwanga mahindi kwenye kinu kimoja, yeye anashusha mimi ninapandisha, kama wanawake wote wanavyofanya. Wifi akasema neno la kuchekesha, nikainama kucheka, mchi wake ukanikuta puani. Damu ilitoka nyingi, ikakauka, tukadhani yamekwisha. Lakini pua ilivimba kwa ndani, ikajaa usaha, nikapata homa. Usaha ulipopasuka homa ikaondoka na nyumba nzima ikashukuru. Baada ya hapo pua ikaanza kuzama. Haikuzama kwa siku moja. Ncha yake ililegea, ikalala juu ya mdomo, matundu yakajiziba, nikawa ninapumua kwa kinywa mchana na usiku.

Siku zile, kwetu, pua inayozama ilikuwa na jina moja tu, ukoma. Hakuna aliyelitamka. Hakuna aliyenifukuza wala kunitukana. Mama mkwe wangu, mwanamke mpole wa kanisani, alitundika kata nyingine ndogo ya kuchotea maji kwenye nguzo ya jikoni, mbali kidogo na kata ya wote. "Hii yako, mwanangu," akaniambia. Aliendelea kuniita mwanangu, na ndiyo maana nilishindwa hata kumchukia. Nilikunywa maji kwenye kata ile nikiwa nimegeukia ukutani. Mume wangu aliiona, na asubuhi moja akanipakia kwenye baiskeli tukashika njia ya Tabora.

Sikutaka uzuri. Uzuri sikuwa nao mwingi hata kabla ya mchi. Nilitaka kurudi nyumbani ninywe kwenye kata ya wote.

Mtu wa kwanza kunipokea wodini alikuwa yule dresa. Aliuliza kwetu wapi, nikamwambia. Uso wake ukachangamka, akafungua mdomo kunitania kama desturi, nami nikateremsha khanga niliyojifunika. Akafunga mdomo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Pole, dada."

Hata maiti ya Mnyamwezi, Mzaramo huitania. Huiambia amka, uvivu umezidi, nani atabeba mizigo. Mimi nikiwa hai ninapumua nikaambiwa pole. Nililia mpaka mume wangu akadhani nimepigwa.

Daktari alinichunguza kwa taa ndogo. Akanusa, akauliza habari za usaha, akaniminya ncha kwa dole gumba. Ncha ilizama, haikurudi. "Huu si ukoma," alisema. "Usaha umekula gegedu, ule mfupa laini wa ndani." Nikamwambia amweleze mume wangu, na mume wangu akamweleze mama yake. Akamweleza. Akachukua hata mawe matatu uani akayapanga mbele yetu kama mafiga. "Ncha ya pua ni chungu," alisema. "Inakaa juu ya mafiga: mawili ya pembeni na moja la katikati. Lako la katikati limeyeyuka. Nitaweka jingine."

Safari ile ya kwanza alichukua gegedu nyuma ya sikio langu. Alichonga kijiti kidogo akakisimamisha katikati ya pua, na juu yake akashona kipande kingine kama kofia, ili ncha ipate umbo. Sikio lilipona upesi, kovu lake mpaka leo wajukuu wangu hawalioni. Bendeji zilipotoka, pua ilikuwa juu. Niliipapasa kwa vidole nikacheka peke yangu. Dresa akaitwa.

Alinitazama. Akamtazama Daktari, akanitazama tena. Akasema, "Ee Mnyamwezi, kwa pua hii hata malkia wa Waingereza atakuonea wivu."

Daktari akapiga makofi. Mimi nikafurahi. Kama ningekuwa na akili siku ile ningejua kwamba huo haukuwa utani. Utani una mwiba. Yale yalikuwa maneno matamu ya mtu mwenye huruma aliyechoka kuniona nikikaa na uso ukutani, na alikwisha kuona jambo ambalo dole la Daktari halikuliona, kwamba ncha imeanza kuegemea chini.

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe alinitazama, akaenda jikoni, akaiangua ile kata ndogo kutoka kwenye nguzo. Nilikunywa maji ya wote, nikanywa hata pasipo kiu. Mvua zilianza, tukalima. Kabla mahindi hayajafika magotini niligundua kwamba ninalala tena kinywa wazi. Na asubuhi moja nilikwenda jikoni nikaikuta kata ndogo imetundikwa palepale, imesuguliwa safi, haina hata vumbi.

Sitaki kusimulia safari ya pili ya baiskeli. Nilijifunika khanga mbili.

Daktari aliponiona hakunilaumu, wala hakusema ni mapenzi ya Mungu, kama nilivyozoea kuambiwa na wengine. Aliniminya, akatazama, akakaa kwenye kitanda cha jirani kama mtu aliyeishiwa nguvu. "Nimekosea," alisema. Sikuwahi kumsikia daktari akisema neno hilo, na katika hospitali nyingi nilizopita baadaye sikulisahau. Kisha akamwita dresa. Nadhani mpaka stesheni walisikia.

"Wewe uliona?"

"Niliona, Daktari."

"Uliona nini?"

"Niliona inainama. Lakini dada alikuwa amefurahi."

"Utani si sadaka!" Daktari alipiga kelele. "Ukimgawia mtu kwa huruma unamwibia! Mimi nimeacha vioo, nimeshika mdomo wako, na wewe unanitilia sukari?"

Dresa aliinamisha kichwa. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi. Kosa lile kwetu linasameheka na halisameheki. Mtani aliyekubembeleza amekufanyia wema, na amekutoa kwenye orodha ya watu.

Daktari alikuwa na tabia ya kumweleza mgonjwa kila kitu, hata kama mgonjwa hataki. Siku ya pili alikuja na mihogo yake, akaketi kitandani kwangu, akachonga huku anasema.

"Sikio ni laini, na lina mkunjo wake tayari. Kwa pua iliyopungukiwa kidogo, sikio linatosha, na kwa kofia ya juu hakuna kinachoshinda sikio. Lakini yako ina kovu kwa ndani. Kovu ni mbuzi aliyefungwa kamba, halichoki kuvuta. Nilimwekea mbuzi kijiti cha mtama."

"Basi weka mfupa," nikasema. "Si una mfupa?"

"Mfupa wa nyonga una nguvu. Unamjua yule mzee wa Ziba?"

Nani asiyemjua. Alikuwa mfugaji, alipigwa teke la uso na ng'ombe wake, na miaka iliyopita Daktari alimwekea mfupa wa nyonga puani. Alikuja Tabora kila alipouza ng'ombe, akapita hospitali kusalimia. Pua yake ilisimama kweli. Ilisimama mno. Haikupinda upande wowote, na alipokunywa togwa pua iligusa ukingo wa kata kabla ya mdomo. Tena mguu wa ule mfupa ulikalia mfupa wa juu ya meno, na mzee akicheka ulisikika ukigonga, tak. Yeye aliipenda pua ile kupita kiasi. Aliwagongea watoto wa wenzake ili wacheke. Daktari ndiye hakuipenda. Kila mzee alipoondoka, Daktari alikwenda nyuma ya stoo na kikopo chake cha ugoro.

"Pua si mguu wa meza," aliniambia. "Ukiiminya lazima ikubali, halafu irudi. Na nguzo haisimamishwi juu ya jiwe tupu. Inasimamishwa penye udongo kidogo, isigonge."

"Na pembe?" mama mmoja wa kitanda cha tatu akauliza. Sote tulikuwa tumesikia kwamba tajiri mmoja wa mjini alimletea Daktari kipande kizuri cha pembe ya ndovu amtengenezee ndugu yake pua. Ulaya wamewahi kufanya hivyo, alisema tajiri.

"Wamewahi," Daktari alijibu. "Nikamwambia hivi: pembe imepita katika mji huu kwa vichwa na mabega ya watu miaka mingi, sitaki ipite na puani. Akaniona nina kiburi. Lakini kweli yenyewe ni nyepesi. Pembe haina ndugu mwilini. Mwili unaivumilia, unaivumilia, siku moja unaitoa nje kupitia ngozi. Kipande cha mwili wako kitakaa kwa sababu ni chako."

Akainua kijiti cha mwisho, kirefu, kimenyooka. "Ubavu," alisema. "Hapa chini mbavuni pana gegedu nene. Lina nguvu karibu na mfupa, na linakubali kisu. Kasoro yake ni moja, lina kichwa kigumu kama mke wa mtu. Ukilichonga upande mmoja, linapinda."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitachonga pande zote sawasawa, nichukue moyo wake wa katikati. Nitautia kwenye maji ya chumvi, nikae pembeni ninywe chai. Chai ikiisha nautazama. Ukiwa umenyooka unaingia. Ukiwa umepinda, nachonga mwingine."

"Na mimi wakati huo?"

"Wewe utakuwa umelala. Chai hupati."

Wodi nzima ilicheka. Mimi sikucheka, niliogopa. Ubavu si kitu cha kuazimana. Nilifikiri pia juu ya mume wangu, ambaye tayari alikuwa ameuza asali ya msimu mzima, na juu ya ile kata ndogo inayong'aa. Nikasema ndiyo.

Maumivu ya ubavu yalishinda ya pua. Sikuweza kukohoa wala kupiga chafya, na ikawa Daktari, kwa siku zile nilizolala chali, alikwenda kuvutia ugoro wake mbali kabisa, nyuma ya chumba cha kufulia, ili chafya zake zisiniambukize hamu. Sista alisema hajawahi kuona heshima kama hiyo kwa mgonjwa. Dresa alinifunga na kunifungua bila neno. Tangu siku ile ya kelele alikuwa anaogopa hata kuniamkia.

Asubuhi moja bendeji zikatoka. Daktari aliniminya kwa dole gumba. Nilihisi kitu ndani kinakubali, halafu kinarudi, kama mlango wenye bawaba nzuri. Nilivuta pumzi kwa pua. Hewa iliingia, baridi, ina harufu ya dawa na uji wa wagonjwa, na sijawahi kunusa kitu kitamu kama uji ule uliokuwa umeungua.

"Mwite," Daktari akasema.

Dresa alikuja akasimama miguuni pa kitanda. Alinitazama muda mrefu sana. Akazunguka upande wa kushoto, akachutama, akatazama kutokea chini. Daktari alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mimi nilifumba macho, maana nilijua nikiambiwa pole mara ya pili sitarudi Sikonge.

"Lo!" dresa akasema. "Nyinyi Wanyamwezi kweli mmelaaniwa na mizigo. Mmebeba pembe za watu, mmebeba nguo za watu, mmebeba Wazungu na vitanda vyao. Sasa hamna cha kubeba, mnatoa mbavu zenu wenyewe mnazibeba puani!"

Nikafumbua macho. "Kelele, Mzaramo," nikamwambia. "Wewe ungetolewa ubavu wangekuta nazi."

Wodi ililipuka. Mama wa kitanda cha tatu alicheka mpaka akashika mshono wake. Dresa alicheka huku machozi yanamtoka, na Daktari, yule mkali, alikaa chini sakafuni akiegemea kitanda, akacheka kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia. Nilijisikia mwepesi, kama niliyetua mtungi niliosahau kwamba nimeubeba.

Walipotoka watu, Daktari alibaki. Alifungua kikopo chake, akakumbuka mimi na ubavu wangu, akakifunga.

"Mna bahati nyinyi," alisema. "Mimi nani atanitania? Wazungu ni wakubwa wangu. Wahindi wenzangu wananiita msomi. Nyinyi mnaniamkia shikamoo hata mkiwa wakubwa kwangu. Nikiharibika pua, nani ataniambia kweli?"

Nikamwambia pole. Alinikazia macho, na wote wawili tukajua kwamba nimesema neno baya.

Nyumbani, mama mkwe hakuiangua kata ndogo. Sikumlaumu, alikwisha kudanganywa mara moja. Aliitazama pua yangu msimu mzima wa mvua, kama mtu anavyotazama mwezi wa mfungo. Mahindi yalikomaa, tukavuna, pua ipo. Siku moja tulitoka shamba, jua kali, mimi nikawahi kufika jikoni, na kwa kusahau nikachota maji kwa kata ya wote. Nilikuwa nimekunywa nusu nilipomwona amesimama mlangoni. Niliganda. Akaja, akaichukua kata mkononi mwangu, akaigeuza mpaka pale mdomo wangu ulipogusa, akanywa maji yaliyobaki. Alikunywa yote. Kisha akaiweka mahali pake akaniambia nisisahau kuwafungia mbuzi. Ile kata ndogo nilikuja kuiona baadaye darini, ameijaza mbegu za maboga.

Miaka ikapita. Nilimwona Daktari kila nilipoleta asali mjini, na kila safari aliniminya, "Haya," akaenda zake. Kisha akapotea. Nikasikia yuko Dar es Salaam, anaumwa, kwamba kidonda kidogo kilimwota puani na madaktari wenzake wamekikata. Zilikuwa siku zile watu wameanza kusema uhuru kwa sauti, na maofisa wengi wa serikali walikuwa wanafunga mizigo.

Nilimkuta stesheni ya Tabora. Alikuwa amerudi kuchukua vitu vyake na sasa anaondoka moja kwa moja. Amekaa kwenye benchi, kofia imeshuka, na yule dresa, mvi zimemjaa kichwani, amesimama na masanduku. Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja. Pole, Daktari. Pole sana, Daktari. Wanainama, wanatazama viatu vyake, wanaondoka. Muuza maharage wa Gongoni alikuwepo, analia waziwazi.

"Mwangaluka, Daktari," nikamwamkia kwa kikwetu. "Shikamoo."

"Marahaba, binti." Aliinua uso kidogo. Ukingo wa tundu moja la pua haukuwepo, na ngozi iliyobaki ilikuwa imevutwa ikashonwa kwa mkunjo. Nilingoja dole gumba. Halikuja. Aliinamisha kofia tena, na mkono wake ukabaki juu ya goti, umelala kama si wake. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliijua ile hali. Nilikuwa nimeikalia mimi mwenyewe, nimegeukia ukutani na kata yangu.

Nikavuta pumzi, kwa pua.

"Daktari," nikasema kwa sauti ya sokoni, "hiyo pua umeshonewa na nani? Fundi wa magunia ya karanga?"

Dresa alidondosha sanduku. Daktari aliinua kichwa polepole.

"Unajua unasema na nani?"

"Nasema na mtani wangu."

"Mtani wako tangu lini?"

"Tangu uliponijia na kisu. Utani huanza kwa vita, muulize huyu Mzaramo. Ulinipiga, ukateka ubavu, ukaupandisha puani, kisha tukapatana. Babu zetu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Na tena fundi huyo mwambie arudishe pesa, amesahau kukata uzi."

Masharubu yake yalitikisika. Nilidhani anakasirika. Kisha ile sauti nyembamba ikatoka, ile ya sakafuni, akacheka mpaka akaishika pua yake kwa kiganja, anasema anaumia, anaumia, nisimuue. Muuza maharage akaanza kucheka akiwa bado analia. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, na kofia hiyo je, naye akatukanwa papo hapo kwa Kihindi.

Alipotulia alifanya alichokifanya maisha yake yote. Alitoa kikopo cha ugoro.

"Daktari!" dresa akasema. "Si amekukataza yule wa Dar?"

"Amenikataza. Kila mtu ananikataza. Nani ataninyang'anya?"

Nikakinyakua. Nikakitia kwenye pindo la khanga nikafunga fundo. Alibaki ameshika hewa.

"Haki yake, Daktari," dresa akasema, na furaha aliyokuwa nayo ungedhani ni yeye aliyenyakua. "Mtani akichukua amechukua. Ndiyo sheria."

Treni ilipiga honi. Walimpandisha, masanduku yakafuata, na kabla hatujasogea akachomoza kichwa dirishani, kofia imevuliwa, uso wake wote uko nje kila mtu auone. "Mwizi!" alipiga kelele. "Mshikeni huyo mwanamke! Kikopo changu! Na pua hiyo ni yangu pia, nimeichonga mimi, nirudishie!"

Kikopo ninacho mpaka leo, ninatunzia vifungo. Kuhusu pua, nilimwambia kama ni yake ashuke aichukue, nikasogea mpaka chini ya dirisha, nikainua uso. Mkono wake ukatoka nje. Aliniminya ncha kwa dole gumba, akaachia, akatazama.

"Haya," alisema, na treni ikaondoka naye.